Ng'ombe Watatu wa Karatasi

Vijana wangu wa ofisi,

Siku ya kuniaga mlinikatia keki, mkaniambia, "Mzee Barasa, tuandikie basi mambo ya kazi kabla hujayasahau." Nimekaa wiki tatu hapa nyumbani Matayos nikiangalia kuku, na kuku hawana maswali, kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja. Nilipata viwili katika miaka yote, na kimoja nadhani kilikuwa cha mtu mwingine. Mshahara mnaujua, ni huo huo wenu, ila wangu ulikuwa unakuja kwa bahasha.

Nilianza kazi katika chumba kimoja juu ya duka la matairi, mjini Busia, barabara ile ya kwenda kwenye geti la forodha. Mlangoni paliandikwa "Wakala wa Hisa." Siku ya kwanza wateja watatu walioingia walitaka kubadilisha pesa za Uganda, na wa nne alitafuta mtu wa kumwandikia barua ya korti. Bosi wangu alikuwa Bwana Wandera, Msamia wa Funyula, mrefu kama mlingoti, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Aliwaelekeza wote kwa adabu, kisha akanigeukia. "Hapa utafanya kazi ya kueleza kwanza," akasema. "Kuuza kutakuja." Nilieleza miezi minne kabla sijauza hata hisa moja.

Vifaa vyetu vilikuwa simu ya mezani, faksi iliyopenda kutafuna karatasi, na ubao mweusi uliotundikwa nje, chini ya ngazi, ili wapita njia wausome. Ninyi mnaona bei ikichezacheza kwenye kioo siku nzima. Sisi tulipigiwa simu mara mbili kwa siku. Mtu wa Nairobi anasoma, Bwana Wandera anarudia kwa sauti dirishani, mimi niko chini na chaki naandika. Laini ikikatika katikati ya orodha, nusu ya soko ilibaki ya jana. Chaki nyekundu aliikataa kabisa. "Mtu akiona nyekundu anadhani ni damu," alisema. "Andika nyeupe, asome mwenyewe." Vumbi lile nililivuta miaka kumi, na mliponisikia nikikohoa mkasema ni sigara, Mungu awasamehe.

Kanuni alizonifundisha zilikuwa nyingi, lakini moja aliirudia mpaka nikawa naisikia usingizini: usimuuzie hisa mtu asiyeweza kuiuza. Maana yake, kuna mtu atanunua hisa akaifunga kwenye kitu kingine, nadhiri, au jina la marehemu, au fahari yake. Huyo bei ikipanda hatauza, na ikishuka hatauza. Atakaa aitazame ikifa.

Mteja aliyempenda alikuwa wa namna nyingine. Siku moja alitujia mchimba dhahabu kutoka Tiira, matope ya shimoni yamemfika magotini, anaacha alama kwenye kila ngazi.

"Hii kampuni iko wapi nikaione?" akauliza.

"Iko Nairobi," Bwana Wandera akamjibu.

"Na wewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Iko na nini ndani?"

"Watu na makabati."

Yule mtu alicheka mpaka akashika ukuta. "Afadhali yenu. Shimo langu halina hata kabati." Akanunua. Miezi miwili baadaye bei ikapanda, akaja asubuhi hiyo hiyo, akauza zote, akanunua pampu ya kukausha shimo lake. Bwana Wandera alimsindikiza mpaka barabarani. "Huyo ndiye mteja, Barasa," akaniambia. "Hana ndoa na karatasi." Nikasema ndiyo, nimeelewa. Na kweli nilielewa. Halafu kanuni ile nikaja kuivunja mimi mwenyewe, tena kwa baba mkwe wangu.

Akoth alikuwa anauza vitenge Sofia, upande wa Uganda, na kila asubuhi alivuka kuja kuchukua mzigo huku kwetu. Alipita chini ya ubao wangu na wenzake, anawasomea zile bei kama mtu anayesoma matangazo kanisani, wanacheka. Siku moja akasimama.

"Wewe mwalimu," akaniita. "Jana uliandika saba, leo umeandika sita. Nani amekula moja?"

Nimekwenda semina nyingi tangu siku hiyo, nimesikiliza wataalamu wenye tai, na swali lile hakuna aliyelijibu vizuri zaidi ya nilivyolijibu mimi. Nilimwambia, "Sijui, lakini kesho pita tena." Akapita.

Kwao ni Nabuyoga, Tororo. Baba yake, Mzee Owor, alikuwa na mtoto wa kike huyo na wa kiume mmoja, Obbo, mdogo wake Akoth. Mahari ikasemwa ng'ombe watano. Na hapa niwaeleze vizuri, kwa sababu baadhi yenu mmekulia mjini. Kule, kama huku kwetu, ng'ombe wa mahari ya binti hapelekwi sokoni. Anakaa zizini mpaka kaka yake binti atakapooa, ndipo anatoka kwenda kwa wakwe wa kaka. Binti anatoka, ng'ombe wanaingia. Ng'ombe wanatoka, binti mwingine anaingia. Ng'ombe wa Akoth walikuwa ni mke wa Obbo.

Pesa ya ng'ombe watano nilikuwa nayo. Ningenunua watano, yakaisha. Lakini ilikuwa miaka ile kampuni kubwa zilipouza hisa kwa umma, watu wanapanga foleni mpaka kwenye duka la matairi, na mimi nilivimba kichwa. Nilitaka Nabuyoga nzima ijue kwamba mkwe wa Owor ni mtu wa soko la hisa. Nikapanga nipeleke ng'ombe wawili wenye kwato, na wale watatu waliobaki niwatoe kwa hisa, zilizonunuliwa kwa jina la Mzee mwenyewe. Bwana Wandera aliposikia alivua miwani. "Barasa," akasema, "mzee huyo anaweza kuuza?" Nikamwambia tutaona. "Hutaona kitu," akasema, akarudi kwenye faksi yake.

Siku ya mahari mshenga wangu akatoa ile karatasi ya hisa. Mzee Owor aliigeuza mbele na nyuma.

"Hii ngombe nakula nini?" akauliza.

"Haili kitu, Mzee. Haiugui, haiibiwi."

"Nazaa?"

"Inazaa kila mwaka. Inaitwa gawio."

Mama mmoja nyuma akasema, "Banange! Msichana wetu naolewa na karatasi!" Watu wakacheka, Mzee naye akacheka, na nadhani ni kwa sababu alicheka ndiyo akakubali. Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyeuza Nairobi nzima. Ndiyo biashara niliyoifanya kwa ufundi kuliko zote, na ndiyo ninayoionea haya.

Mwanzo mambo yalikuwa matamu. Bei ilipanda mwezi hadi mwezi, na akiba yangu yote nikaitia kwenye kampuni hiyo hiyo. Mtoto wetu Nafula akazaliwa. Mzee Owor alivuka mpaka na majirani zake, akawasimamisha mbele ya ubao, akaelekeza fimbo. "Hiyo pale ndiyo yangu. Ona nanenepa!" Bei ilipofika mara mbili nikamfuata Nabuyoga. "Mzee," nikamwambia, "tuuze sasa. Utapata ng'ombe sita wa kweli, Obbo ataoa hata kesho." Alinitazama kama nimemtukania mama.

"Ngombe ya Akoth mimi peleka soko? Watu nasema nini? Owor ameuza mtoto yake?"

Nikarudi Busia. Zangu pia sikuuza, kwa maana ningemwangaliaje usoni, mimi nimekimbia nikamwacha yeye ndani? Haya, na tamaa ilikuwepo, nisijifanye mtakatifu.

Halafu soko likaanza kushuka. Nilishuka ngazi kila siku na chaki nyeupe nikaandika. Watu waliacha kusimama pale mbele. Baada ya mwaka mmoja na kitu, wale ng'ombe watatu wa Mzee hawakutosha kununua ndama mmoja aliyekonda.

Mzee Owor alikuja siku ya soko, ofisi imejaa watu. Hakukaa. Alitoa ile karatasi kwenye mfuko wa nailoni, akaitandaza mezani kwangu taratibu, pembe zote nne, akailaza kwa kiganja.

"Mkwe," akasema, "kwetu ngombe ya mahari ikikufa, tunaleta ngozi kwa mwenye kutoa, naona na macho yake. Mimi nimeleta ngozi."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

"Obbo amepata msichana," akaendelea. "Wazazi wake nataka ngombe. Nipeleke nini? Hii?"

Mzee hakungoja jibu. Alikunja karatasi yake, akairudisha kwenye nailoni, akashuka ngazi moja moja. Niliporudi nyumbani nilimkuta Akoth amefunga nguo zake na za Nafula. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Baba Nafula, sijakukataa wewe," akasema. "Lakini ndugu yangu hana mke kwa sababu yangu. Nikae hapa nipike, nicheke, na yeye amekaa vile? Zikifika ng'ombe, nitarudi."

"Na bei ikirudi kupanda?"

"Wewe ngoja bei. Mimi nangoja ng'ombe."

Miezi minane. Ninyi mnaniuliza hasara kubwa kuliko zote ilikuwa ipi, na mnangoja niwatajie kampuni. Hasara ilikuwa hiyo miezi minane. Nilikuwa nakula mkate na chai asubuhi na jioni. Asubuhi nilipoandika bei nilisubiri mtu aulize nani amekula moja, nikageuka mara ngapi sijui, nikakuta wapita njia tu. Nilimkosa Akoth mpaka nikawa nasahau tarakimu, nikaandika bei ya kampuni ya saruji kwenye mstari wa benki, na mteja mmoja akakimbia kununua.

Bwana Wandera alinivumilia mpaka siku hiyo ya saruji. Nikamwambia nataka kuuza zangu zote.

"Unajua umefika chini kabisa?" akauliza. "Hapa hauzi mtu mwenye akili. Mimi nilikufundisha hivi?"

"Hapana, Bwana Wandera."

"Haya. Lete fomu."

Akaijaza yeye mwenyewe kwa mwandiko wake wa kulala, akapiga simu Nairobi, akauza. Zangu zilikuwa nyingi kuliko za Mzee, lakini kwa bei ile zilitoa ng'ombe wawili tu. Wa tatu alitoka kwenye baiskeli yangu, redio, na kitanda. Nilipokuwa nafunga mlango niende, Bwana Wandera alinirudisha. Alikuwa amekwenda dukani akanunua kamba tatu mpya za katani. "Wenye kwato wanafungwa," akasema. Hakunipa somo lingine, na mimi nalihesabu hilo kuwa la mwisho, ingawa alikaa ofisini miaka mingine sita kabla ya kurudi kwao Funyula, ambako amelala sasa.

Ng'ombe niliwanunua mnada wa Mulanda, nikawaswaga kwa mguu na vijana wawili wa kukodi. Mmoja alikuwa mkorofi, akanivuta mpaka nikaingia kwa wakwe na tope usoni, shati limechanika bega. Akoth alikuwa anapepeta mtama uani. Akaniangalia, akawaangalia ng'ombe, akaniangalia tena.

"Zako uliuza bei gani?" akauliza.

Nikamtajia. Alijua bei, alikuwa anasoma ubao kabla hajanijua mimi. Ungo uliinama, mtama ukamwagika, na kuku wakaushambulia. Akakaa chini akalia, na mimi nikakaa naye pale pale kwenye mtama. Tulilala chini kwenye mkeka mwaka mzima baada ya hapo, maana kitanda kilikuwa zizini kwa baba yake.

Obbo alioa kabla ya mavuno. Ile karatasi Mzee akabaki nayo, na hakuna aliyeiulizia. Ngozi ya ng'ombe, nani anaidai?

Yaliyofuata mnayajua, kwa sababu mlishayapigia hesabu kwenye simu zenu mkaniambia, "Mzee, ungekuwa na gorofa!" Ile kampuni iliinuka. Ilipita bei ya kununulia, ikapita bei ile ya juu tuliyoionyeshea fimbo, ikaendelea tu. Mimi sikuwa na hata moja. Niliandika kila siku kwa mkono wangu bei ya kitu nilichokiuza kilipokuwa chini kabisa, kwanza kwa chaki, baadaye kwa kompyuta. Iliniuma, ndiyo. Mtu akikwambia haimuumi, huyo hajawahi kuuza.

Tena Akoth alikuwa na mchezo wake. Tangu aliporudi, kila jioni nikiingia mlangoni, kabla ya salamu, aliuliza, "Zimelala?" Maana yake zile ng'ombe za karatasi, leo soko limefungaje. Namjibu, "Zimelala, zimepanda kidogo." Au, "Zimelala, moja inachechemea." Anasema, "Haya," kisha anatoka uani na simu yake. Miaka yote hiyo nilidhani ananitania kwa hasara yangu. Siku nyingine nilicheka. Siku nyingine, nikiwa nimechoka, nilimwambia, "Mama Nafula, hebu niache na hizo ng'ombe zako." Hakuniacha. Kesho yake, "Zimelala?"

Akoth alifariki mwaka juzi. Ugonjwa sitauandika. Yuko hapa nyuma ya nyumba, upande wa migomba, na nikiandika hivi naona msalaba wake dirishani. Nafula yuko kwake, ana watoto. Mtu husema atazoea. Mimi jioni bado naingia kwa mlango ule ule, nasimama kidogo nikingoja kuulizwa.

Sasa niwaambie wiki yangu ya mwisho kazini, kwa sababu mlikuwepo na hamkuelewa mlichokiona. Mnamkumbuka yule mzee aliyepandishwa ngazi na mwenye bodaboda, mkampa kiti na soda? Mkaniambia, "Mzee, kuna mteja wako, hataki kusema na mwingine." Huyo alikuwa Mzee Owor. Alitoa mfuko wa nailoni. Karatasi imekuwa rangi ya chai kwa moshi, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Akaitandaza mezani kwangu, pembe zote nne, kama siku ile.

"Nimerudisha ngombe yako," akasema. "Wewe ulilipa mara mbili. Mke hapana lipwa mara mbili."

"Mzee, hizi ni nyingi sana sasa. Unajua ni ng'ombe wangapi?"

"Najua. Najua kila siku." Akanywa soda kidogo. "Akoth alikuwa nanipigia. Kila jioni, simu ya Obbo. 'Baba, ngombe zimelala.' Jua, mvua, hata alipokuwa hospitali. Mimi nilimwambia, mpatie bwana yako karatasi, ni yake. Akasema, 'Hapana, Baba. Aliuza zake kwa sababu yangu. Hizi wewe kaa nazo, mimi nitakuwa naziangalia.'"

Kioo cha kompyuta kilikuwa mbele yangu, bei zinacheza. Sikuona hata moja.

"Sasa tangu mmezika," Mzee akasema, "hakuna mtu naniambia kama zimelala. Mimi mzee, nakaa pale jioni nangoja simu. Ngombe ambayo hujui imelala wapi, hiyo utaiita yako? Chukua."

Ninyi mliniona nimezunguka meza nikapiga magoti mbele ya mteja, mkadhani nimeanguka. Nilikunja karatasi yake kwa mikunjo yake yenyewe, nikairudisha kwenye nailoni, nikamwekea mfukoni mwa koti. Nikamwambia, ng'ombe wa Akoth wakae kwao Akoth. Akabisha, nikabisha, mwisho akachoka. Nikaandika namba ya Obbo nyuma ya fomu ya kuuzia. Fomu ile ndiyo kazi yangu ya mwisho ofisini, na mbele haina neno hata moja.

Kwa hiyo kanuni ya Bwana Wandera shikeni, ni ya kweli. Msimuuzie hisa mtu asiyeweza kuiuza. Lakini katika miaka yangu yote, mteja wangu aliyeshinda kuliko wote ni huyo ambaye hakuweza, na mimi kwa hilo sina maelezo ya kuwapa.

Soko linafunga saa tisa, ila mimi nangoja saa kumi na mbili, wakati ng'ombe wenye kwato wanaingia zizini. Naenda uani, pale pale alipokuwa anasimama Akoth, napiga. Obbo anampa simu baba yake. Mzee hasalimii.

"Zimelala?"

"Zimelala, Mzee. Moja inachechemea kidogo."

"Haya," anasema, anakata. Analisema vile vile alivyokuwa akilisema binti yake, na kwa sekunde hiyo moja nyumba yangu ina mtu.